Ukihama Ontario, Akaunti Inabaki Wapi?

Nikisikia mtu anahama kutoka Ontario kuja huku Alberta, hata kabla sijamuuliza kama amepata nyumba, huwa namuuliza: pesa zako ziko benki, au ziko kwenye chama cha akiba na mikopo? Wengi hunitazama kama nimewatega. Si vyote ni benki tu? Kuna jengo, kuna kaunta, kuna mashine ya kutolea fedha, kuna kadi yenye jina lako. Tofauti iko wapi?

Tofauti iko kwenye sheria, na huwa haionekani mpaka mtu ahame. Kanada ina majimbo 10 na maeneo 3 ya kaskazini. Kila jimbo lina serikali yake, kodi yake, bima yake ya afya na leseni yake ya udereva. Benki hazimo kwenye orodha hiyo. Benki ziko chini ya serikali kuu, kwa sheria moja inayotumika kuanzia Newfoundland hadi British Columbia. Vyama vya akiba na mikopo, ndugu wa hizi SACCOS tunazozijua, karibu vyote vimesajiliwa na jimbo na vinasimamiwa na jimbo. Kwa hiyo mwenye akaunti RBC, TD, Scotiabank, BMO au CIBC akitoka Hamilton kwenda Edmonton, mkataba wake na benki haujaguswa. Mwenye akaunti kwenye chama cha Hamilton amevuka mpaka ambao chama chake hakiuvuki.

Sisemi hivyo kuvibeza vyama. Mara nyingi makato yao ni madogo, na afisa mikopo wao anaweza kukusikiliza hata kama huna historia ndefu ya mikopo nchini. Na ukihama hawakufukuzi: salio utaendelea kuliona kwenye simu, kadi itaendelea kufanya kazi. Shida huanza siku unapotaka mkopo wa gari au wa nyumba, au unapotakiwa kufika mwenyewe ili kusaini, na tawi la karibu liko zaidi ya kilomita 3,000. Shemeji yangu alibaki na chama chake cha Ontario kwa sababu ya mazoea. Siku alipotaka mkopo wa gari huku Alberta, jibu lilikuja kwa upole sana: tunakopesha wakazi wa Ontario. Ikabidi aanze kujenga jina upya kwenye benki nyingine, wakati angeweza kulianza jambo hilo siku ileile aliyopokea funguo za nyumba. Ukiamua kuondoka kwenye chama, kumbuka ulilipia hisa ya uanachama ulipojiunga. Ni fedha yako. Idai.

Kuna na jambo la bima ya amana, ambalo wengi wetu tunalipuuza kwa kuwa salio letu halijawahi kufika huko. Benki ikifilisika, Shirika la Bima ya Amana la Kanada, lililoundwa mwaka 1967 na linalojulikana kwa kifupi kama CDIC, linakulipa hadi dola 100,000 kwa kila kundi la amana. Fedha zilizo kwa jina lako peke yako ni kundi moja, za akaunti ya pamoja na mwenzi wako ni kundi jingine. Vyama navyo vinalindwa na majimbo yao, kila jimbo kwa kipimo chake. Ontario inalinda dola 250,000. Quebec inalinda 100,000. Alberta, Saskatchewan, Manitoba na British Columbia zinalinda amana yote bila kikomo. Sasa fikiria mtu aliyeuza nyumba Ontario, akapata dola 300,000 baada ya kulipa mkopo, akaziweka kwenye akaunti moja ya benki huku akitafuta nyumba Calgary. Kwa miezi hiyo yote dola 200,000 zimelala bila bima. Vipo vyama vichache vilivyoomba kuhamia chini ya serikali kuu, na hivyo bima yao ni ya CDIC: UNI ya New Brunswick mwaka 2016, Coast Capital ya British Columbia mwaka 2018, na Innovation ya Saskatchewan mwaka 2023. Desjardins, iliyoanzia Lévis mwaka 1900 na ambayo ukifika Quebec utaiona kila kona, bado ni ushirika wa huko, chini ya msimamizi wa huko.

Sasa tuje kwa mwenye akaunti ya benki ya kawaida, maana ndio wengi.

Watu hufunga akaunti bila sababu. Hii inatokana na malezi ya kuulizwa kila mara "tawi lako ni lipi?", kana kwamba fedha zako zimekaa kwenye chumba fulani cha jengo fulani. Kanada nayo ina namba ya tawi, lakini kazi yake ni kama namba ya kitongoji ulikozaliwa: inaeleza ulikoanzia na haikuzuii kuishi kwingine. Chukua hundi, hata ile ya mfano iliyoandikwa kwamba ni batili, ambayo unaweza kuichapisha kutoka kwenye programu ya benki. Chini kabisa kuna mstari wa tarakimu zenye umbo la ajabu. Kundi moja ni namba ya hundi yenyewe. Zinafuata tarakimu 5, hizo ni za tawi. Kisha tarakimu 3 za benki: 001 ni BMO, 002 ni Scotiabank, 003 ni RBC, 004 ni TD, 010 ni CIBC. Mwisho ni namba yako ya akaunti. Nilipoanza kazi Edmonton nilimkabidhi dada wa ofisi ya utumishi karatasi hiyo. Akaisoma kwa kidole, akasimama kwenye zile tarakimu 5.

"Hili tawi liko Ontario."

"Ndiyo."

"Sawa," akasema, akaendelea kuandika.

Mshahara uliingia kama wa wenzangu wote. Namba ya tawi la Hamilton ninayo hadi leo, na sina haja ya kuibadilisha, kwa sababu kuibadilisha kwa kawaida ni kupewa akaunti mpya, halafu uanze kuwafuata mwajiri, mamlaka ya kodi, kampuni ya simu na bima ya gari mmoja mmoja.

Kama una sababu ya kweli ya kuhamia benki nyingine (na zawadi ya dola mia kadhaa wanayompa mteja mpya ni sababu, nani atakataa), basi fungua mpya kwanza, ya zamani iache iishi. Hamisha mshahara. Ukishaona umeingia mara moja, anza kuhamisha makato: kodi ya nyumba, bima, simu, mkopo. Kila anayekukata ana mzunguko wake, na mmoja wao lazima atapitia akaunti ya zamani wakati umeshaikomba. Kato likirudi kwa kukosa salio, kwa miaka mingi benki kubwa zilitoza dola 45 hadi 48 kwa kosa moja, na anayekudai naye akaongeza faini yake. Serikali kuu imepitisha kanuni ya kuweka kikomo cha dola 10 upande wa benki, lakini faini ya mwenye nyumba au ya kampuni ya bima iko palepale. Na kama umeshaagiza makato yasitishwe na bado mtu akakukata, una siku 90 za kwenda benki yako na kudai urudishiwe. Si hisani ya meneja, ni kanuni ya mfumo wa malipo wa taifa.

Mwenye akaunti ya akiba isiyokatwa kodi, ile TFSA, naye asikimbilie kutoa fedha ili akaziweke benki mpya. Akaunti hii ina kikomo cha unachoruhusiwa kuweka; ukizitoa kwa mkono wako, nafasi ya kuziweka tena hairudi mpaka Januari 1 ya mwaka unaofuata. Ukiweka tena kabla ya hapo na huna nafasi nyingine, unatozwa asilimia 1 kwa mwezi kwa kilichozidi. Waambie benki mpya wazivute wenyewe kutoka kule. Benki ya zamani itakata ada ya kuhamisha, na mara nyingi benki mpya hukubali kukurudishia ukiwaomba.

Hayo yote yana njia zake na yanaeleweka. Kinachowasumbua watu kuliko akaunti yenyewe ni anwani.

Postikodi ya Kanada ina herufi na tarakimu sita, na herufi ya kwanza inakutaja unakoishi kabla hujafungua mdomo. K, L, M, N na P ni Ontario. G, H na J ni Quebec. T ni Alberta, V ni British Columbia, R ni Manitoba, S ni Saskatchewan. Ukinunua kitu mtandaoni kwa kadi ya mkopo, muuzaji anaweza kutuma postikodi uliyoandika ili ilinganishwe na ile iliyoko benki. Wewe umeandika T, benki ina L. Kadi inakataliwa. Mtu anapiga simu kulalamika kwamba kadi ni mbovu, kumbe kadi ni nzima. Hata kama benki haikuikataa, muuzaji anaweza kuisimamisha oda kwa kuona malipo yana anwani ya jimbo moja na mzigo unakwenda jimbo jingine.

Hilo ni usumbufu mdogo. Usumbufu mkubwa ni wa bahasha. Kadi yako ikikaribia kuisha muda, benki inatuma mpya kwa posta bila kukuuliza, kwenye anwani iliyonayo. Bahasha haina saini ya kupokelea. Inaingia kwenye sanduku la nyumba ambayo sasa anaishi mtu usiyemjua. Huduma ya Canada Post ya kuelekeza barua kwenye anwani mpya ipo kwa malipo, na ukivuka jimbo bei inapanda, lakini ina muda wake na muda ukiisha barua zinarudi kwenye njia yake ya zamani. Iweke kama kinga ya dharura, kisha ubadilishe anwani benki kwenyewe. Na ubadilishe kwenye kila bidhaa: nimeona programu ya benki inayobadilisha anwani ya akaunti ya kila siku ikaiacha kadi ya mkopo na anwani ya zamani, kwa sababu ndani ya benki hiyo ni idara mbili. Fungua wasifu wako, kisha fungua kila akaunti, usome kwa macho yako.

Msibadilishe kila kitu kwa mkupuo, jamani. Anwani mpya, namba mpya ya simu na ombi la kadi mpya ndani ya saa moja, kutoka kwenye simu iliyo jimbo jingine: hivyo ndivyo anavyofanya mwizi aliyepata nywila ya mtu. Benki ikifunga akaunti kwa muda ili kujiridhisha, inafanya kazi yake, lakini wewe uko kwenye kituo cha mafuta katikati ya Saskatchewan na gari limejaa masanduku. Anza na anwani kabla ya safari. Simu ifuate ukishatulia.

Au simu usiibadilishe kabisa. Ushauri huu watu hawaupendi, maana kuna fahari fulani ya kuwa na namba ya mji mpya: 780 ya Edmonton, 403 ya Calgary, 514 ya Montreal. Lakini namba ya 416 ya Toronto inapiga na kupokea simu Edmonton sawasawa, na vifurushi vingi vya siku hizi vinahesabu nchi nzima kama eneo moja. Benki yako inatuma msimbo wa kuingilia kwenye namba hiyo. Mamlaka ya kodi inatuma huko. Ukiiachia, baada ya muda kampuni ya simu inampa mtu mwingine, na meseji zako za siri zinaanza kulia kwenye mfuko wake. Ukilazimika kubadilisha, namba mpya na ya zamani ziwe hai pamoja kwa kipindi, mpaka uhakikishe hakuna anayetuma msimbo kule.

Barua pepe ina mtego wake. Interac e-Transfer, njia ambayo karibu kila mtu Kanada anaitumia kutumiana fedha, inafuata barua pepe. Ukiwa umejiandikisha kupokea bila swali la siri, barua pepe ile imefungwa kwenye akaunti moja. Ukihamia benki nyingine lazima uiondoe kwenye benki ya zamani kwanza, la sivyo michango ya harusi na marejesho ya wenzako yataendelea kumiminika kwenye akaunti uliyodhani umeiaga. Wanafunzi ndio wanaoumia zaidi: amejiandikisha kwa barua pepe ya chuo cha Ontario, amehitimu, amehamia Halifax, chuo kimeifunga barua pepe. Fedha iliyotumwa kwa swali la siri isipopokelewa ndani ya siku 30 inarudi kwa aliyetuma. Angalia pia kikomo cha kutuma. Mara nyingi ni dola 3,000 kwa saa 24, na mwenye nyumba Alberta anaruhusiwa kudai amana ya hadi kodi ya mwezi mmoja juu ya kodi ya mwezi wa kwanza. Kwa nyumba ya familia jumla inavuka kikomo kirahisi, na funguo ziko mkononi mwa mtu anayekusubiri. Quebec mwenye nyumba haruhusiwi kudai amana wala hundi za tarehe za mbele. Ontario anaweza kudai kodi ya mwezi wa mwisho. Jua sheria ya unakokwenda, kisha uombe benki ipandishe kikomo siku moja kabla, au uchukue hundi inayotolewa na benki yenyewe.

Kuhusu vitambulisho nitapita haraka. Benki mpya itakuomba kitambulisho, na kadi ya bima ya afya usiitegemee: sheria za Ontario, Manitoba, Nova Scotia na Prince Edward Island zinakataza kuitumia kama kitambulisho. Quebec ni kichekesho kidogo: mtumishi wa benki haruhusiwi kukuomba, lakini ukiitoa mwenyewe kwa hiari anaweza kuipokea. Pasipoti na kibali cha ukaazi vinatosha popote. Na wewe ambaye namba yako ya SIN, ile namba ya hifadhi ya jamii inayotumika kwenye kazi na kodi, inaanza na 9, fahamu kwamba namba hiyo ni ya mkazi wa muda na ina tarehe ya mwisho inayokwenda na kibali chako. Ukipata ukaazi wa kudumu unapewa namba mpya kabisa. Benki haiambiwi na mtu. Usipoipeleka, taarifa za riba yako zitaendelea kwenda serikalini kwa namba iliyokufa.

Riba imenifikisha kwenye kodi, na hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipoona watu wakilipa fedha ambazo hawakuziweka akiba.

Kodi ya jimbo Kanada haigawanywi kwa miezi uliyoishi huku na kule. Inaangaliwa ulikuwa mkazi wa wapi Desemba 31. Umefanya kazi Ontario tangu Januari, ukahamia Quebec Novemba, basi kwa mwaka mzima wewe ni wa Quebec. Umehamia Alberta Desemba 28, wewe ni wa Alberta. Mwajiri wako wa zamani alikuwa akikata kwa viwango vya jimbo lake, hivyo mwisho wa mwaka kuna wa kurudishiwa na kuna wa kudaiwa. Majimbo yote isipokuwa Quebec yanaliachia Shirika la Mapato la Kanada, CRA, likusanye kodi yao ya mapato, kwa hiyo unajaza ritani moja. Quebec ina mamlaka yake, Revenu Québec. Ritani mbili, mamlaka mbili, na ukitaka fedha ziingie moja kwa moja kwenye akaunti unajiandikisha mara mbili. Hata benki inabadilika: ukipata riba ya dola 50 au zaidi inakupa karatasi ya T5, inayoonyesha riba hiyo kwa ajili ya kodi, kama kawaida, na ukiwa na anwani ya Quebec inakupa na ya pili ya jimbo, RL-3. Anwani yako benki ikiwa bado ni ya Ontario, karatasi hiyo haitatoka, na Revenu Québec wataitafuta.

Binamu yangu anaishi Gatineau na anafanya kazi Ottawa. Kwa asiyeijua ramani: ni mto mmoja na madaraja kadhaa, unaweza kuvuka kwa miguu. Ofisi iko Ontario, chumba cha kulala kiko Quebec. Alihamia kule kwa sababu nyumba zilikuwa za bei nafuu, na benki yake ikabaki ileile, tawi lilelile mtaa uleule wa Ottawa, akaona hakuna kilichobadilika. Mwajiri anakata kodi kwa kufuata mahali pa kazi, hivyo hati yake ya mshahara ilikuwa ya Kiontario mwaka mzima. Aprili ilipofika akagundua anadaiwa kodi nzima ya Quebec, huku fedha zote alizokatwa zimekwenda serikali kuu. Upo utaratibu wa kuhamisha hadi asilimia 45 ya kilichokatwa nje ya Quebec ili kifidie deni la Quebec, na kinachobaki anarudishiwa na CRA. Tatizo ni kwamba viwango vya Quebec ni vya juu kuliko vya Ontario, hivyo hata baada ya kuhamisha na kurudishiwa hesabu hailingani. Pengo linatoka mfukoni, kabla ya Aprili 30. Na ukiwa na deni la aina hiyo linalozidi dola 1,800 mwaka hadi mwaka, unaanza kutakiwa kulipa kwa awamu kila robo mwaka. Kwa majimbo mengine kizingiti ni dola 3,000.

Alichokifanya binamu baada ya hapo ndicho ninachomshauri kila anayevuka mto ule. Alifungua akaunti ndogo ya akiba pembeni, isiyo na ada, akaipa jina "Quebec". Kila mshahara ukiingia, kiasi fulani kinahama chenyewe kwenda huko kabla hajakiona. Aprili ikifika analipa kutoka hapo. Anasema tangu hapo mwezi wa nne haumnyimi usingizi, ingawa anailalamikia Revenu Québec kwa ufasaha zaidi kuliko anavyozungumza Kifaransa.

Wenye watoto wana la ziada. Posho ya watoto ya serikali kuu inakufuata popote, mradi CRA wana anwani yako. Nyongeza ya Ontario inakoma ukitoka Ontario. Quebec ina posho yake ya familia inayolipwa na Retraite Québec, na hawa si CRA wala si Revenu Québec, ni ofisi ya tatu, nayo inataka namba zako za benki kivyake. Nimeshasikia mama akisema "serikali wanayo akaunti yangu". Serikali ipi, dada yangu? Ofisi hizi hazinong'onezani. CRA haiwaambii benki kwamba umehama, benki haiwaambii CRA, na jimbo ulilotoka haliliambii lile ulilokwenda.

Ikitokea benki yenyewe imevuruga, kwa mfano umewasilisha anwani mpya mara kadhaa na kadi ikaenda kule kwa zamani, usibaki kugombana na kijana wa kaunta ambaye hana mamlaka. Sema wazi kwamba unawasilisha malalamiko rasmi, omba namba ya malalamiko na uandike tarehe. Benki ina siku 56 za kukujibu. Zikipita, au jibu lisikuridhishe, unapeleka kwa OBSI, ambayo tangu Novemba 1, 2024 ndiyo chombo pekee cha nje kinachosikiliza malalamiko dhidi ya benki zote za nchi. Haitozi. Malalamiko ya chama cha akiba na mikopo yana njia tofauti, kwa jimbo lake.

La mwisho ni kwa waliokwisha hama miaka mingi iliyopita na kuacha akaunti nyuma yao bila kuifunga. Akaunti isiyotumika, benki inatakiwa ikuandikie baada ya miaka 2, kisha 5, kisha 9. Barua zote tatu zinakwenda kwenye anwani ya mwisho waliyonayo, yaani kwa yule mpangaji usiyemjua. Ikifika miaka 10 fedha zinapelekwa Benki Kuu ya Kanada. Huko hazipotei: chini ya dola 1,000 zinatunzwa miaka 30, kuanzia dola 1,000 zinatunzwa miaka 100. Kutafuta kwenye tovuti ya Benki Kuu ni bure, kwa hiyo ukipigiwa simu na anayejitolea kukutafutia kwa asilimia fulani, mkatie. Unapotafuta andika jina kama lilivyokuwa kwenye pasipoti uliyofungulia akaunti, pamoja na makosa yake ya tahajia, ujaribu na jina la ukoo likitangulia. Ukiliona, andaa kitambulisho cha sasa na chochote kinachokuunganisha na ile anwani ya zamani: mkataba wa nyumba, ritani ya mwaka ule, hata bili ya umeme.